Kutibu Ugonjwa wa Lyme Uliofika Kwenye Mishipa ya Fahamu

Ugonjwa wa Lyme huletwa na bakteria aina ya Borrelia, ambao kupe wa misitu na vichaka vya Ulaya na Amerika ya Kaskazini humwambukiza mtu anapomuuma. Bakteria hao ni ndugu wa wale wa homa ya papasi inayojulikana Tanzania, ila maradhi ni mengine. Wiki au miezi michache baadaye, baadhi ya wagonjwa hushikwa mishipa ya fahamu: uso hupooza upande mmoja au pande zote mbili, kichwa huuma na shingo kukakamaa, au maumivu makali huenea mgongoni na miguuni, yakizidi usiku.

Daktari hupima kingamwili katika damu, na pengine huchota maji ya uti wa mgongo.

Tiba ni antibiotiki. Mtu mzima aliyepooza uso kwa kawaida hupewa doksisaiklini ya kumeza kwa siku 14 hadi 21. Wapo wanaoidharau dawa ya kumeza, lakini utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2008 ulionesha kuwa haikuzidiwa na seftriaksoni ya mshipani. Ubongo wenyewe au uti wa mgongo ukishambuliwa, hapo ndipo seftriaksoni hutumika, kwa wiki 2 hadi 4.

Doksisaiklini humezwa kwa maji mengi, mgonjwa akiwa ameketi. Akilala papo hapo huweza kuunguza koo la chakula. Maziwa, dawa za kiungulia na vidonge vya madini ya chuma huipunguzia nguvu, na jua huchoma ngozi upesi. Mjamzito huchaguliwa dawa nyingine.

Nyumbani, jicho lisilofumba ndilo la kuangaliwa zaidi, kwa sababu likikauka huweza kupata kidonda. Mchana hutiwa matone ya kulainisha. Usiku hupakwa marhamu na kope hufungwa kwa plasta laini. Likiwa jekundu au likiuma, mgonjwa aonwe siku hiyohiyo.

Bakteria hufa mapema. Mishipa hupona polepole, hata kwa miezi kadhaa baada ya dozi kwisha. Uchovu wa kipindi hicho huwashawishi wengi kuomba dripu za miezi mingi. Majaribio hayakuonesha faida ya kudumu, na mipira iliyoachwa mshipani imeleta maambukizi ya damu. Kurudia kipimo cha kingamwili nako hakusaidii, maana huweza kubaki miaka. Cha kumrudisha mgonjwa hospitali haraka ni miguu kulegea, mkojo kuziba au akili kuchanganyikiwa.