Nguzo za Kalokol na Mti wa Uani

Msafiri atokaye Eldoret akapita Kitale, Kapenguria na Lodwar, kisha akashika njia iendayo Ziwa Turkana, hukuta karibu na Kalokol nguzo 19 za mawe meusi ya volkeno, zilizosimikwa na watu wa kale. Mahali hapo huitwa Namoratunga. Waturkana husimulia ya kuwa mawe hayo yalikuwa watu, wakageuzwa.

Mwaka wa 1978 wataalamu wawili, B. M. Lynch na L. H. Robbins, walitangaza kwamba nguzo hizo zimepangwa kuelekea mahali pa kuchomoza nyota saba au mafungu ya nyota, Kilimia kikiwa kimojawapo. Nyota hizo ndizo Waborana wazitumiazo katika kalenda yao ya miezi 12 na siku 354. Waborana hawahesabu kwa jua. Hutazama mwezi umekutana na nyota gani. Wataalamu hao walikadiria ya kuwa nguzo zilisimamishwa yapata mwaka 300 kabla ya Kristo.

Mwaka wa 1982 Robert Soper alileta hoja nzito. Mawe hayo yana nguvu ya sumaku, nayo huvuta sindano ya dira. Mpimaji akisimama karibu nayo, dira yake yamdanganya! Tena liko jambo la umri. Machimbo ya baadaye yalionyesha kwamba makaburi ya nguzo kando ya ziwa hilo yalijengwa miaka 5,000 hadi 4,000 iliyopita. Mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia, mzunguko mmoja kwa miaka 26,000 hivi. Kwa hiyo nguzo iliyoielekea nyota fulani mwaka wa 300 haikuielekea vivyo hivyo miaka 2,000 kabla yake. Ukikosea umri, umekosea nyota.

Jua halina taabu hiyo. Tangu siku za wajenzi hao mahali pa kuchomoza kwake pamesogea kidogo tu. Na msomaji wa Eldoret aweza kulipima uani kwake pasipo dira.

Simika mti ulionyoka, mnene kama wa ua, mahali palipo wazi upande wa mashariki. Tarehe 21 Machi au 23 Septemba, asubuhi jua litokapo, tazama kivuli cha mti. Usilikazie jua lenyewe macho. Kivuli hicho chaelekea magharibi hasa. Kifuate hatua 10, pigilia kijiti, kisha nyosha kamba ipite kwenye kijiti na kukikata kivuli kwa pembe ya mraba. Kila juma weka kijiti kingine pale kivuli kinapoikuta kamba. Kufikia tarehe 21 Juni, kwa kuwa jua limehamia kaskazini, kijiti kitakuwa hatua nne na zaidi kusini mwa kile cha kwanza; Desemba kitakuwa kaskazini kwa kiasi kile kile.

Wenyeji wa Uasin Gishu wana bahati katika kazi hii. Karibu na ikweta jua hupanda wima, hivyo hata kilima kikilichelewesha, mwelekeo wake haubadiliki sana. Kule Stonehenge, Uingereza, jua hupanda kimshazari, na kilima kidogo tu chaweza kuharibu hesabu.

Mwezi ni mkaidi zaidi. Kivuli chake kinapochomoza ni hafifu. Basi tembea juu ya kamba mpaka mti uufunike mwezi, ukaweke kijiti hapo. Utaona kwamba safari ifanywayo na jua kwa mwaka mzima, kutoka kusini hata kaskazini na kurudi, mwezi huimaliza kwa siku 27 hivi. Wala mipaka yake si ile ile daima. Katika miaka mingine vijiti vyake vya mwisho vitakuwa hatua tatu na zaidi kutoka katikati. Katika mingine vitavipita vile vya jua, vikafika hatua tano na nusu. Mzunguko huo huchukua miaka 18 na miezi saba. Mwezi ulifikia upana wake mkubwa katika mwaka wa 2024 na 2025. Utaufikia tena karibu na mwaka wa 2043.