Hadithi Fupi, Shaka Ndefu: Vidokezo kwa Mwandishi wa Gisenyi

Anayeishi Gisenyi hawezi kulia kwamba hana cha kuandika. Mpaka uko hapa, ziwa liko hapa, volkano inatuchungulia kutoka ng'ambo. Kazi inaanza rasimu ikishakuwa mezani: unaisoma, unafika aya ya tatu, na kuna sauti inakwambia uifute yote ukauze vocha za simu. Vidokezo hivi ni vya siku hiyo.

1. Iulize shaka: wapi?

"Hadithi yangu ni mbovu" ni malalamiko yasiyo na anwani. Ukienda kituo cha afya ukasema "naumwa" tu, muuguzi atakuuliza wapi. Fanya vivyo hivyo. Chapisha rasimu au iandike upya daftarini, isome kwa sauti, na kila unapoona haya piga mstari pembeni. Usirekebishe kitu bado. Ukimaliza utakuta mistari imejazana sehemu mbili tatu, mara nyingi mwanzoni na mwishoni, na kurasa zilizobaki ni safi. Sasa una kazi ya jioni moja, na ile hukumu ya maisha haina tena pa kukaa.

2. Futa machweo

Kuanza na machweo ni ugonjwa wetu wenyeji. Ziwa Kivu ni zuri mno, basi kila hadithi inaanzia kwenye maji. Tazama mwanzo huu, wa aina ninayoiona kila mara:

"Jua lilikuwa likizama polepole nyuma ya milima ya Kongo, na maji ya ziwa yaking'aa kama dhahabu, wakati mama mmoja mfanyabiashara alipokuwa akirejea nyumbani akiwa na huzuni kubwa moyoni."

Sarufi haina kosa. Ila hakuna kilichotokea, na huzuni tumeambiwa tu, hatujaiona. Jaribu hivi:

"Alipovuka mpaka wa Petite Barrière alizihesabu noti mara ya pili. Bado zilipungua. Akazifunga kwenye ncha ya kitenge, akamwambia mwanawe aliyebeba beseni tupu: 'Baba akiuliza, karoti zimeibwa.'"

Jua limekwenda, dhahabu imekwenda, na neno huzuni halimo. Badala yake tumepata uongo, na mtoto aliyeusikia. Msomaji tayari anataka kujua pesa zilikwenda wapi, na huyo mtoto atasema nini mezani. Kumbuka pia kwamba beseni lilihitajika, kwa sababu linatuonyesha karoti ziliuzwa kweli. Kitu kisichofanya kazi ya namna hiyo hakina haki ya kubaki. Na kama machweo unayapenda sana, yaweke ukurasa wa nne, mama akiwa na sababu ya kutotaka kuyatazama.

3. Volkano isimeze watu

Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002, ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na mara zote mbili watu wa Goma, ng'ambo ya mpaka, walimiminika kwetu. Mwaka 2021 matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba za wilaya yetu ya Rubavu. Kila mtu hapa ana kisa chake, ndiyo maana visa hivyo vikiandikwa vinafanana: moto angani, kelele, kukimbia. Mwandishi anajiona hana kipaji, kumbe amebeba mzigo mkubwa kuliko kurasa alizonazo.

Chagua mtu mmoja na uamuzi mmoja. Nani alirudi ndani, na alirudi kuchukua nini? Mkenya Yvonne Adhiambo Owuor alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2003 kwa hadithi "Weight of Whispers". Nyuma yake kuna msiba wote wa Rwanda wa 1994, lakini tunachofuata ni Mnyarwanda mmoja wa ukoo wa kifalme aliyeporomoka hadhi akiwa mkimbizi Nairobi. Msiba unaingia kupitia aibu zake ndogondogo.

4. Usiombe radhi kwa Kiswahili chako

Najua unachowaza: mimi si mtu wa Unguja, nani atanisoma? Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017, na sokoni kilikuwepo zamani kabla ya bunge kukipigia kura. Msimulizi wako aandike Kiswahili sanifu kama unataka. Wahusika waache waseme kama wanavyosema. Mnunuzi wa samaki wa sambaza kutoka Goma akisema "aksanti", usimsahihishe, na mpishi wa Nyamyumba akichomeka Kinyarwanda katikati ya sentensi, mwache amalize. Wahariri wengine watanuna. Wanune.

5. Ilaze

Wiki mbili kabatini. Wakati huo anza hadithi nyingine, ili ukirudi uwe na kitu kingine cha kupenda.

6. Tafuta msomaji asiye na adabu

Hapa kwetu mtu akikupa hadithi yake, jibu la kiungwana ni "ni nzuri sana". Hiyo ni salamu, usiihesabu kama maoni. Hata ukimbana msomaji kwa "umeipenda?", atasema ndiyo ili mnywe chai kwa amani. Muulize maswali yasiyomlazimu kukuhukumu: ulichoka wapi? Ulirudia sentensi gani? Ulidhani nani anadanganya?

Njia bora zaidi ni kumwomba akusomee hadithi yenyewe kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Sikiliza bila kumkatiza (huwezi, na ndiyo faida yake). Pale ulimi wake unapojikwaa, sentensi yako ina mfupa. Pale anapoharakisha, umeandika maneno mengi. Pale anapocheka peke yake, acha kama palivyo hata kama hukukusudia kichekesho.

7. Soma hadithi fupi zenyewe

Wengi wanaogopa hadithi fupi kwa sababu wamesoma riwaya tu, halafu wanashangaa kwa nini kurasa kumi hazitoshi. Tafuta "Mayai Waziri wa Maradhi" ya Euphrase Kezilahabi. Kama Kifaransa kinapanda, Scholastique Mukasonga, aliyepata Tuzo ya Renaudot mwaka 2012 kwa riwaya, ana mkusanyo wa hadithi fupi uitwao L'Iguifou wa 2010, na Beata Umubyeyi Mairesse alitoa wake, Ejo, mwaka 2015. Usisome ili ujilinganishe nao. Soma ukiwa na kalamu, uhesabu kila hadithi ina matukio mangapi. Utakuta ni machache kuliko uliyoyabana kwenye ya kwako.

8. Jiwekee tarehe, kisha tuma

Marekebisho hayaishi yenyewe, yanakatwa na tarehe. Moja nzuri ni ya Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola: maneno 2,000 hadi 5,000, hakuna ada, na hadithi za Kiswahili zinapokelewa kwa Kiswahili chenyewe. Rwanda ni mwanachama tangu 2009, kwa hiyo mlango uko wazi kwako. Kongo si mwanachama, na mwenzako wa Goma unayemwona kutoka dirishani hawezi kuingia kwa uraia wake. Sheria za ajabu, lakini ndizo zilizopo.

Wengi watakaotuma hawatashinda. Lakini safari ya mwandishi ni ndefu: Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948 na riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987. Nobel ilikuja 2021. Kabla ya kutuma, hakikisha hadithi haijachapishwa popote, ondoa jina lako kwenye kurasa zake kwa sababu waamuzi husoma bila kujua mwandishi, na hesabu maneno baada ya kukata machweo.