Amri kwa Simu: Somo la Matamshi na Sarufi

Siku hizi dereva anayetoka Kisii kwenda Nyamira anaweza kupiga simu bila kuigusa. Anaitolea amri kwa sauti, mikono ikibaki kwenye usukani. Mwaka 2017 Google iliongeza Kiswahili katika lugha ambazo simu huandika kwa kusikia tu. Je, sisi tunasikika vizuri?

Binadamu akisikia "biga" ataelewa "piga", lakini mashine yaweza kukwama. Ekegusii hakina sauti /p/ wala /l/ za asili, ndio maana baadhi yetu husema "biga simu" na "niretee". Hiyo si aibu, ni athari ya lugha ya mama. Dawa yake ni mazoezi.

Sasa tuje kwenye sarufi. Amri ya kawaida huishia kwa -a: piga, pokea, kata. Ukitia kiambishi cha mtendwa au mtendewa, -a hugeuka -e: mpigie mama, ipokee, ikate. Kwa hivyo usiseme "mpigia mama!"

Tahadhari lakini! Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba simu isiyoshikwa mkononi si salama sana kuliko ile inayoshikwa, kwa sababu mawazo huondoka barabarani. Mazungumzo marefu yangoje gari lisimame kando.

Zoezi: Mkiwa wawili wawili, tamkeni kwa sauti: "Mpigie Paulo", "Ipokee", "Piga polepole". Kisha geuzeni amri hizo ziwe katika wingi.