Sinema ya Sarafina Nyumbani Mwetu



Baadhi yenu mwauliza: Je, yafaa jamaa ya Kikristu kutazama sinema nyumbani? Swali hili si geni katika nchi yetu. Katika miaka ya 1950 mapadri wenyewe walitengeneza picha kwa ajili ya vijiji: Mapadri Weupe walifanya kazi hiyo Bukavu, na huko Kasai Padri Albert Van Haelst alitengeneza michezo ya Matamata na Pilipili, ambayo wazee wakiikumbuka hucheka hata leo. Siku zile shuka nyeupe ilitundikwa kiwanjani, mashine ikanguruma, na mtu mmoja akasimama kando akiwafasiria watu katika lugha yao. Mkumbukeni sana mtu yule wa kando, maana somo hili lamhusu yeye kuliko mashine.

Siku hizi hatungoji tena gari la misioni. Picha yaingia Kabambare ndani ya kadi ndogo kama ukucha, katika simu ya kijana atokaye Kasongo kwa pikipiki. Usiku ukifika, mwenye televisheni na betri iliyoshiba jua mchana akifungua mlango, nyumba hujaa watoto kabla ya ugali kupoa. Wazazi hubaki uani wakizungumza habari za shamba. Picha yasema peke yake, katika lugha ambayo nusu ya watazamaji hawaisikii, na kando yake hasimami mtu.

Tutwae picha moja ambayo wengi mmekwisha kuiona au kuisikia ikitajwa, yaani Sarafina, tuitazame kama jamaa moja inavyopaswa kuitazama.

Kwanza mjue asili yake. Kabla ya kuwa sinema, Sarafina ilikuwa mchezo wa jukwaani, wenye nyimbo na ngoma tangu mwanzo hata mwisho. Aliyeutunga ni Mbongeni Ngema wa Afrika ya Kusini, na katika nyimbo alisaidiwa na Hugh Masekela, mpiga tarumbeta aliyesifiwa duniani kote. Mchezo ulionyeshwa mara ya kwanza mjini Johannesburg mwaka 1987. Ukavuka bahari mpaka New York, ukachezwa huko mwaka 1988 na 1989 karibu mara 600. Mwaka 1992 Darrell Roodt aliufanya kuwa sinema. Msichana Leleti Khumalo, aliyekuwa Sarafina jukwaani, ndiye Sarafina katika sinema pia. Ngema mwenyewe alifariki Desemba 2023 kwa ajali ya barabarani.

Hadithi imetungwa, lakini imetungwa juu ya jambo lililotukia kweli. Wakati ule serikali ya Afrika ya Kusini iliwatenga watu kwa rangi za ngozi, ikawapa watoto weusi shule duni. Mwaka 1974 ikaamuru kwamba nusu ya masomo yao, na hesabu ndani yake, yafundishwe kwa Kiafrikaans, lugha ya Makaburu. Ninyi mliojifunza kugawanya na kuzidisha katika lugha isiyo ya mama zenu mwafahamu uzito wa amri hiyo. Tena hao walikuwa wakiisikia lugha ile midomoni mwa askari. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto walitoka shuleni kwa maelfu, wakaandamana, na polisi wakawapiga risasi. Miongoni mwa wa kwanza kufa alikuwa mtoto Hector Pieterson. Siku ile wanafunzi wengine walikimbilia ndani ya kanisa Katoliki la Regina Mundi. Askari wakaingia nyuma yao wakipiga bunduki, na alama za risasi zingali zaonekana humo hata leo. Ndiyo sababu Siku ya Mtoto wa Afrika, ambayo shule zetu pia huiadhimisha tangu mwaka 1991, imewekwa tarehe 16 Juni.

Basi, katika picha twamwona Sarafina, msichana wa sekondari huko Soweto. Chumbani kwake ametundika picha ya Nelson Mandela, naye husema nayo kama mtu asemavyo na baba aliye mbali. Mwalimu wake wa historia, Mama Mary, awafundisha wanafunzi mambo yasiyopendwa na serikali. Wanafunzi huimba uani, na katika nyimbo zao mtaisikia sala ya Baba Yetu. Watoto wenu wakiitambua sala ile watafurahi sana, maana ndiyo mnayojifunza kwa moyo siku hizi. Kisha mambo yageuka. Mwalimu akamatwa, naye afa mikononi mwa polisi. Damu yamwagika. Na hapo wanafunzi, waliojaa hasira, wamwendea Sabela, askari mweusi anayeitumikia serikali ile, nao wamchoma moto.

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kati ya jukwaa na sinema, na kila mzazi aifahamu. Jukwaani mtazamaji amwona mchezaji kwa macho yake. Aona jasho lake, asikia mbao zikilia chini ya miguu yake, na mchezo ukiisha amwona akiinama mbele ya watu, mzima kabisa. Hata mtoto ajua kwamba aliyeanguka ataamka. Mabaya mengi jukwaani husimuliwa tu kwa wimbo na kwa ngoma. Sinema yafanya namna nyingine: yatwaa moto na kuuleta karibu hata ujaze ukuta wa nyumba yako, yaonyesha uso wa mtu anayelia, kisha yapita upesi kwenye jambo jingine kabla moyo haujatulia. Nyimbo zilizo nzuri jukwaani ni nzuri vilevile katika sinema, na labda zaidi. Lakini mtoto apokea pamoja wimbo na moto, na kwa kuwa wimbo ni mtamu, moto nao waingia bila kupigiwa hodi.

Kesho yake asubuhi tazameni michezo ya watoto uani. Wakiimba na kuruka kama wanafunzi wa Soweto, wacheni waimbe. Wakichagua mmoja wao awe Sabela, wakamzunguka na vijiti, mjue wameshika sehemu gani ya picha.

Nasema haya kwa sababu sisi si watu wa mbali na mambo hayo. Vita ya mwaka 1964 ilipita Kasongo na Kabambare, na wenye umri mkubwa hawajaisahau. Katika miaka ya karibu, upande wa Salamabila penye dhahabu, watu wameishi na hofu ya Maimai waliojiita Malaika. Jina zuri limevishwa kazi mbaya. Mashariki ya Kongo vijana wengi, na watoto pamoja nao, wameingia katika makundi ya namna hiyo, wengine kwa kulazimishwa, wengine kwa sababu waliambiwa kwamba hasira yao ni ya haki. Kuna tena jambo la vijiji ambalo halihitaji bunduki: bibi kizee ashukiwa ulozi, mtoto wa jirani amekufa, vijana wakusanyika jioni, na mmoja ataka kiberiti. Kijana huyo labda ameiona picha ya Sarafina mara tano, wala hakuna mtu aliyemwuliza hata mara moja neno juu ya Sabela.

Wengine watasema: basi afadhali picha hii ipigwe marufuku nyumbani. Mimi sikubali. Mtoto aliyekatazwa ataitazama kwa jirani, au katika nyumba ya video kwa kulipa, na huko hapana baba wala mama. Tena ni picha inayofundisha mambo makubwa juu ya haki na juu ya ushujaa wa watoto wa Afrika. Yafaa itazamwe, ila itazamwe vema. Haya ndiyo maswali niliyoyasikia mara nyingi kwa wazazi.

Swali. Sisi wazazi hatujui Kiingereza, na Kifaransa twakisikia kidogo tu. Tutawezaje kuwaongoza watoto?

Jibu. Mwiteni yule aliye sekondari, asimame kando kama mfasiri wa zamani. Awaelezee babu na bibi kwa Kiswahili au kwa Kibangubangu kila lisemwalo. Atajivunia kazi hiyo, naye mwenyewe atafahamu zaidi kwa kuwa amelazimika kueleza. Kazi ya baba ni kuuliza: Huyu ni nani? Kwa nini analia? Sasa anakwenda wapi? Mwenye kuuliza hahitaji kujua lugha. Tena msione haya kusimamisha picha katikati. Haichachi kama pombe, itangoja.

Swali. Watoto wadogo nao watazame?

Jibu. Wasikie nyimbo za mwanzo, kisha waende kulala pamoja na dada yao mmoja. Kuchomwa kwa Sabela na mateso ya Sarafina gerezani si vitu vya macho ya mtoto wa miaka sita. Baba aitazame kwanza peke yake, au amwulize aliyeiona, ajue mapema sehemu hizo zaja lini. Picha nzima yachukua kama saa moja na nusu au zaidi, kwa hiyo waweza kuigawa katika jioni mbili, hasa betri ikiwa imechoka.

Swali. Mwanangu amesema, «Sabela alistahili.» Nimjibu nini?

Jibu. Usimpige, wala usimnyamazishe. Amesema lililo moyoni, na afadhali alisemee kwako. Ukubali kwanza lililo kweli katika neno lake, yaani Sabela alitumikia uovu. Halafu mwulize pole pole: Nani alikaa kuwa hakimu siku ile? Sabela alipewa nafasi ya kusema neno lake? Kama wangalikosea nyumba, nani angalimrudishia uhai yule waliyemchoma? Mkate mmoja wa Amri ya Tano mwaujua tayari, yaani usiue. Mwulize kama amri ile yataja watu ambao haiwahusu. Kisha mwulize swali la mwisho, lile la hapa kwetu: Na yule bibi wa mtaa wa pili, ambaye watu wamnong'onea ulozi, jioni wakija kukuita utakwenda nao? Akinyamaza, mwache anyamaze. Msirudishe picha upesi.

Swali. Binti yangu hapendi hadithi ya vita. Hakuna lake ndani ya picha?

Jibu. Liko, na kwa kweli mimi nalipenda kuliko mengine yote. Mama yake Sarafina ni mtumishi katika nyumba ya Wazungu. Afua nguo zao, apika chakula chao, akaa mbali na watoto wake mwenyewe. Sarafina amwonea haya. Yeye ataka mama anayesimama mbele ya askari na kupaza sauti, naye amepewa mama anayeinamisha kichwa na kusema ndiyo. Mashujaa wake wako ukutani, katika picha ya Mandela. Inambidi apite gerezani kwanza, aone mateso na vifo, ndipo amwendee mama yule na kumtazama kwa macho mengine, akifahamu kwamba ujira wa mikono ile ndio uliowalisha.

Mabinti wetu wengi wana haya ya namna hiyo. Amekwenda shule Kasongo, amerudi likizo, amwona mama yake ametoka shambani na mzigo wa kuni kichwani na matope miguuni, naye mbele ya rafiki zake ajifanya hamwoni. Kwa hiyo sehemu hii mama asiwe jikoni. Aitwe, aketi karibu na binti, hata kama sufuria iko motoni.

Mwambieni binti jambo moja zaidi ambalo picha yenyewe hailisemi. Mwanamke anayecheza kama mama yule ni Miriam Makeba, mwimbaji ambaye Afrika nzima ilimwita Mama Afrika. Mama yake mzazi, Christina, aliwahi kuwa mtumishi wa namna hiyohiyo katika nyumba za Wazungu. Mwaka 1960 Miriam alikuwa ng'ambo, akasikia kwamba mama yake amefariki. Akataka kurudi ili amzike, lakini serikali ya kwao ilikuwa imeifuta pasipoti yake. Hakuuona mwili wa mama yake, wala hakutia udongo kaburini. Alikaa uhamishoni miaka 30, akarudi nyumbani mwaka 1990, baada ya Mandela kufunguliwa. Baadaye alisimama mbele ya mashine ya picha, amevaa nguo ya mtumishi, naye akamkumbatia Sarafina.

Msimulieni binti habari hii kabla mama yule hajatokea ukutani, maana akitokea hatawasikiliza tena.