Kabla ya Kuingia Darasa la Uuguzi

SWALI: Mwalimu, nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na nimechaguliwa kusoma shahada ya uuguzi Muhimbili. Nijiandae vipi?

JIBU: Hongera, mwanangu. Shahada ni miaka 4, kisha mwaka wa mafunzo kazini hospitalini. Hata ukifaulu chuo, huhudumii wagonjwa kama muuguzi kamili bila usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Wengi huogopa anatomia. Mimi ningeogopa zaidi hesabu za dawa. Mtoto ameandikiwa amoksilini miligramu 200. Dawa ya maji ina miligramu 125 katika kila mililita 5. Unampa ngapi? Mililita 8. Ukikosea nukta ya desimali, umempa mara kumi. Fanya mazoezi ya namna hiyo kila siku, bila kikokotoo.

Wodini, sikiliza wauguzi wa zamani, hata wenye cheti tu. Wengi wanajua kutafuta mshipa kuliko wahadhiri wako (usiwaambie nimesema). Kila ulichomfanyia mgonjwa kiandike papo hapo, na saa yake.

Nunua viatu vya kufunika vidole, visivyoteleza. Zamu ya usiku ni ndefu.