SOMO LETU: HABARI MOJA IANDIKWE MAHALI PAMOJA



Siku moja ya mgao mama mmoja alirudi nyumbani na gunia tupu. Alikuwa amehamia mtaa wetu. Karani alibadilisha orodha moja, akasahau nyingine mbili. Mtaa wa zamani wakamwambia, "Umehama." Mtaa mpya wakamwambia, "Jina lako halipo." Watu walimlaumu karani. Mimi nilikuwa nikimsaidia kuandika, na nasema kosa kubwa lilikuwa katika mpango wa orodha: habari moja iliandikwa mahali patatu.

Mwaka 1970 Mwingereza Edgar Codd, aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alieleza jinsi ya kupanga habari katika majedwali yanayohusiana. Kompyuta nyingi za ofisi hufuata njia hiyo hadi leo. Hata mwenye daftari na kalamu anaweza kuifuata.

1. UFUNGUO
Majina hufanana, kina Mariamu ni wengi. Kila familia ipewe namba isiyorudiwa na isiyobadilika. Huo ndio ufunguo mkuu. Namba ya nyumba haifai, maana watu huhama. Namba ya familia ikiandikwa katika jedwali la watu huitwa ufunguo wa nje: inakuelekeza kwenye familia ya mtu huyo. Usiandike namba ambayo haimo katika jedwali la familia.

2. KUSAWAZISHA MAJEDWALI
(a) Chumba kimoja, habari moja. Usibane majina ya watoto watano katika chumba kimoja. Kila mtu apate mstari wake.

(b) Katika jedwali la mgao ufunguo ni vitu viwili pamoja: namba ya familia na tarehe. Kilo za unga zinategemea vyote viwili, basi zikae hapo. Jina la mkuu wa familia linategemea namba ya familia peke yake. Lirudi kwenye jedwali la familia.

(c) Jina la kiongozi wa mtaa ni habari ya mtaa, si ya familia. Ukiliandika kwenye mstari wa kila familia, siku akichaguliwa mwingine utasahihisha mistari mia. Liwe katika jedwali la mitaa.

Sasa tuna majedwali manne: MITAA, FAMILIA, WATU na MGAO. Mama akihama, karani anabadilisha namba ya mtaa katika mstari mmoja wa FAMILIA. Orodha zote za mgao zinatolewa humo.

JIPIME
Mtoto amezaliwa. Utaandika wapi?
Jibu: Ongeza mstari mmoja katika WATU, pamoja na namba ya familia yake. Idadi ya watu usiiandike pengine; ihesabu kutoka humo humo.

Kumbuka: ukienda kuandikisha mtoto au kuhama, chukua kadi yako na uhakikishe namba imeandikwa sawasawa. Tarakimu moja ikikosewa, chakula chako kitakwenda kwa jirani.