Dondoo muhimu: Kuku anapoatamia

Singida inasifika kwa kuku wa kienyeji, na hapa Mitundu mtetea bado ndiye mashine ya kutotolea. Ukimwona amenyong'onyea kiotani, kajitutumua na anakudonoa ukimsogelea, usimpe mayai papo hapo. Mwachie yai moja au mawili ya kumshikilia, umwangalie siku mbili.

Mayai 10 hadi 12 yanamtosha. Chagua ya wastani, yasiyo na ufa, yaliyotagwa ndani ya wiki mbili, usiyaoshe. Kama unamhamisha, hamisha usiku. Mchana atarudi kule kule alikozoea.

Adui mkubwa ni utitiri. Huo ndio unaomfanya kuku akimbie mayai siku ya 15, nasi tukasema ana roho mbaya! Mwaga majivu makavu yaliyopoa chini ya kiota kabla ya kuweka nyasi. Mtama na maji viwe karibu, maana hutoka mara moja tu kwa siku, dakika chache.

Siku ya 7, usiku, shika yai mbele ya tochi. Lenye mishipa kama mizizi myembamba lina uhai. Jeupe kabisa, litoe.

Siku ya 21 vifaranga huanza kutoka. Usiwasaidie kupasua ganda. Muulize mtaalamu wa mifugo kuhusu chanjo ya kideri mapema, na banda lifungwe vizuri: kicheche hangoji wakue.